Jinsi ya Kuandika Ushahidi wa Vyombo vya Tanga Kugongana Mtoni: Mwongozo Kamili

Jahazi na mashua zikigongana mtoni usiku, kesho yake utaletewa maelezo ya mabaharia wanane, na karibu yote yatakuwa na sentensi hii: "Tulikuwa tunakwenda vizuri, mara wakatugonga kwa uzembe wao." Sentensi hiyo haimfai mtu. Haisemi upepo ulitoka wapi, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, tanga lilikuwa upande gani, wala nani alimwona mwenzake kwanza. Nimekaa na manahodha wengi kuandika maelezo yao, na kila mara tunakwama palepale.

Mwongozo huu ni wa shahidi: nahodha, baharia, abiria, hata mvuvi aliyekuwa ukingoni akitega nyavu. Nimeuandika nikiwa na picha ya delta ya Rufiji kichwani, ambako vyombo vya tanga hupishana katika njia nyembamba kati ya mikoko na mafungu ya mchanga. Pangani au Tana hatua ni zilezile.

Tuelewane juu ya neno moja kabla hatujaanza. Humu "mkondo" ni mwendo wa maji, si tawi la mto. Nimeona shauri zima likivurugika kwa sababu shahidi aliandika "mkondo wa kushoto" akimaanisha tawi la mto, na msomaji akadhani maji yalikuwa yakisukuma kushoto.

Jambo la kwanza ni kuokoa watu. La pili ni kutoa taarifa: Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, Mamlaka ya Bahari (KMA) kwa Kenya, na polisi kote. Kama kuna aliyekufa, tafuta wakili kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Hayo yakishafanyika ndipo ukae uandike.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu ya wino. Penseli inafutika, na kitu kinachofutika huzua maswali.
- Karatasi mbili zisizo na mistari, kwa ajili ya mchoro.
- Maganda mawili ya karanga, au vifuu viwili vidogo. Usicheke, utaona kazi yake.
- Dira. Ya kwenye simu inatosha ukiwa mbali na vyuma.
- Jedwali la maji la bandari ya karibu kwa tarehe ya tukio.
- Simu yenye picha ulizopiga, zikiwa kama zilivyo. Picha ikitumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza kumbukumbu ya saa na mahali ilipopigwa. Tuma nakala ukitaka, lakini ya asili isifutwe.
- Saa moja ya kukaa peke yako. Hiki ndicho kitu adimu kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Andika kabla hujasikia ya wenzako

Mabaharia wakitoka majini hukaa pamoja, chai inaletwa, hadithi inaanza. Ikifika nusu saa, wote wameona taa ileile, kwa umbali uleule, hata yule aliyekuwa amelala chini ya makuti. Hawadanganyi. Kumbukumbu ya mtu ni kama mchanga mbichi: anayepita baadaye huacha nyayo zake juu ya zako.

Mahakama ya mambo ya bahari ya Uingereza ilikutana na tatizo hili zamani. Mwaka 1855, chini ya Jaji Stephen Lushington, iliweka utaratibu kwamba kila upande ujaze maswali maalumu kuhusu mgongano na kuyafunga ndani ya bahasha kabla ya kuona madai ya upande wa pili. Maswali yenyewe yalihusu upepo, maji, mwelekeo, mwendo, taa, umbali wa kuonana mara ya kwanza, hatua zilizochukuliwa, na sehemu za vyombo zilizogusana. Hatua zinazofuata humu zinapita njia hiyohiyo.

Basi jitenge. Andika rasimu ya kwanza haraka, kwa maneno yako, bila kujali mpangilio. Weka tarehe na saa uliyoandika.

Onyo: usiitupe rasimu hiyo hata ikiwa na makosa. Ukiulizwa miezi kadhaa baadaye, karatasi iliyoandikwa siku ileile ina uzito kuliko ile safi iliyoandikwa wiki tatu baada ya tukio.

Utajua umefaulu ukikuta ndani yake mambo ambayo wenzako hawayataji, na mapengo ambayo hukuyaziba.

## Hatua ya 2: Sema ulikuwa wapi na kitu gani kilikuzuia kuona

Taja jina lako, kazi yako chomboni na miaka uliyokaa majini, kisha mahali hasa ulipokuwa: omo (mbele), penye mlingoti, tezi (nyuma), umeshika kana (mpini wa usukani), umekaa juu ya mzigo. Ulikuwa umeelekea wapi? Ulikuwa ukifanya nini mikononi?

Halafu tanga. Mtu wa nchi kavu hajui kwamba tanga la jahazi huziba karibu upande mzima wa mbele, ule wa demani, yaani kule upepo unakokwenda. Aliyeketi tezi huenda asione chochote upande huo mpaka ainame achungulie chini ya tanga. Kama hukuona kwa sababu hiyo, andika hivyo waziwazi. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinadai kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia kwa macho na masikio wakati wote, kwa hiyo swali la kwanza litakuwa: nani alikuwa omo? Kama hakuwapo mtu, sema hakuwapo. Ukimbuni mtu wa omo, ataulizwa jina.

Mbovu: "Sote tulikuwa macho."

Nzuri: "Nilikuwa nimesimama kushoto kwa mlingoti, nimeelekea mbele. Tanga lilinizuia kuona upande wa mbele kulia, isipokuwa nikiinama."

## Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo Kiswahili chetu hutuponza. "Saa tatu usiku" kwa Mswahili ni 21:00. Maelezo yakifika kwa mtu anayeyageuza Kiingereza haraka, yanakuwa saa tisa za usiku wa manane (03:00). Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini kampuni ya bima bado huenda ikataka nakala ya Kiingereza, na Kenya rekodi nyingi za mahakama ziko kwa Kiingereza.

Dawa yake ni kuandika saa mara mbili: "saa 1:30 usiku (19:30)". Ukimaliza hapo, eleza uliijuaje. Uliangalia simu? Ulisikia adhana ya isha? Uliikisia kutokana na maji? Yote yanakubalika mradi yasemwe.

Kwa sababu hiyohiyo, usieleze mahali pa chombo kingine kwa mfano wa uso wa saa. Ukisema "kilikuwa saa tatu kwangu", mmoja atatazama namba tatu kwenye saa, mwingine atatazama tisa, kwa kuwa mshale wa Mswahili ukiwa kwenye tisa ndiyo saa tatu yenyewe.

## Hatua ya 4: Upepo na maji

Hatua hii ina makosa mengi kuliko zote. Tulia hapa.

Upepo hutajwa kwa unakotoka, mkondo kwa unakokwenda. Kusi hutoka kusini. Mkondo wa magharibi unaelekea magharibi. Ukiandika "upepo wa kusini na mkondo wa kusini", msomaji makini ataelewa kwamba viwili hivyo vinapingana, na huenda wewe ulimaanisha kinyume chake. Ongeza kitenzi kila mara: "upepo ukitoka kusini", "maji yakielekea magharibi".

Majina ya pepo yatumie ukipenda, lakini kusi, kaskazi, matlai na umande huelezwa tofauti kidogo kutoka bandari hadi bandari. Jina liambatane na upande wa dira.

Upepo uliingia upande gani wa chombo? Hili ndilo swali lenye uzito kuliko mengine katika mgongano wa vyombo vya tanga. Kanuni ya 12 ya zile kanuni za mwaka 1972 inasema hivi: vyombo viwili vya tanga vikikaribiana kwa hatari, na kila kimoja kina upepo upande tofauti, kile chenye upepo kushoto ndicho kinachopisha. Vyote vikiwa na upepo upande uleule, kilicho goshini, yaani kule unakotoka upepo, kinakipisha kilicho demanini. Na upande wa upepo hutambuliwa kwa tanga kubwa: tanga likiwa kulia, upepo unahesabiwa kuwa kushoto.

Shahidi hana kazi ya kutaja kanuni. Kazi yake ni kusema tanga lilikuwa wapi: "Tanga letu lilikuwa upande wa kulia. Tanga la mashua sikuliona mpaka ilipokuwa kama urefu wa majahazi mawili kutoka kwetu, nalo lilikuwa upande wake wa kushoto." Msomaji atayajua mengine mwenyewe.

Injini ilikuwa inawaka? Mashua nyingi siku hizi zina injini nyuma na tanga juu. Kwa mujibu wa kanuni, chombo chenye tanga kinachosukumwa na injini wakati huohuo kinahesabiwa chombo cha injini, na wajibu wake hubadilika kabisa. Sema ulisikia mlio au hukusikia. Kama upepo na mawimbi yalikuwa na kelele, sema hivyo pia.

Maji. Yalikuwa yanajaa, yamesimama, au yanapwa? Jedwali la maji ni la bandari, si la kona yako ya mto. Ndani ya mto maji hujaa kwa kuchelewa kuliko mdomoni, na mkondo huweza kuendelea kupanda wakati kimo kimeshaanza kusimama. Kwa hiyo taja dalili ulizoziona kwa macho: mashua iliyotia nanga ilikuwa imeelekeza omo wapi, majani na vijiti vilikuwa vinaelea kwenda wapi, mizizi ya mikoko ilikuwa imefunikwa au iko wazi na inameta kwa unyevu.

Kisha jipime mwenyewe kwa jedwali. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa (kinyume cha maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo), maji hujaa kiasi cha saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Shahidi anayesema ilikuwa bamvua, saa 4 usiku, maji yamejaa tele karibu na mdomo wa mto, atakuwa amekosea kimojawapo kati ya hivyo vitatu. Afadhali aligundue yeye kabla ya wakili wa upande wa pili.

Mwisho wa hatua hii, andika mwanga na hali ya hewa: mwezi ulikuwepo au haukuwepo, mawingu, mvua, ukungu, unaona ukingo au huuoni.

## Hatua ya 5: Mlolongo katika nyakati nne

Usisimulie safari tangu bandarini. Anza dakika chache kabla ya kuonana, ukitaja chombo kilielekea wapi na kilikuwa upande gani wa mto. Mtoni kila chombo kinatakiwa kukaa karibu na ukingo wake wa kulia kadiri inavyowezekana kwa usalama, kwa hiyo "tulikuwa katikati" au "tulikuwa kama mita 30 kutoka ukingo wa kaskazini" ni maneno yenye kazi.

Baada ya hapo, gawa tukio katika nyakati nne.

Wakati wa kwanza: ulipokiona chombo kingine. Uliona nini hasa, taa, tanga, kivuli, au ulisikia sauti? Kilikuwa upande gani wa omo yako? Umbali gani? Kwa umbali usitumie mita kama hukuzizoea. "Kama urefu wa jahazi letu mara nane" ni kipimo kizuri, maana jahazi lako linaweza kupimwa kesho.

Taa andika kwa rangi na idadi, usitafsiri. Nyekundu ni ya upande wa kushoto wa chombo, kijani ya kulia, nyeupe ya nyuma. Lakini chombo cha tanga chenye urefu chini ya mita 7, kikishindwa kuwasha taa hizo, kinaruhusiwa kuwa na tochi au kandili tayari ya kuonyesha kwa wakati. Kwa hiyo "niliona mwanga mweupe mmoja" ni ushahidi. "Niliona taa yake ya nyuma" ni hukumu, na huenda ikawa mbovu.

Na tofauti hii ishike sana: "sikuona taa" si sawa na "hakikuwa na taa". Ya kwanza unaweza kuiapia.

Wakati wa pili: ulipojua kuna hatari. Nini kilikujulisha? Kanuni zinasema hatari ipo ikiwa chombo kinachokaribia hakibadili upande wake kwenye dira. Baharia wa kawaida hulijua hilo bila dira: taa ilikaa palepale juu ya kamba ileile huku ikikua. Kama uliona hivyo, andika ni kamba gani.

Wakati wa tatu: hatua. Nani alifanya nini, na lini ukilinganisha na umbali? Tanga lilituliwa? Kamba ya demani, ile ya kuzuia tanga, ililegezwa? Mtu alipiga kelele, maneno gani? Ukisikia mwenyewe mtu akipiga kelele "Pindua!", hilo ni lako, liandike. Ukihadithiwa kesho yake kwamba alipiga kelele, si lako.

Sasa angalia kana. Ukiisukuma kana kushoto, omo inakwenda kulia. Shahidi anaandika "nahodha alipiga kushoto", na hapo hakuna anayejua kama ni kana au chombo. (Hata Waingereza walihangaika na hili: hadi miaka ya 1930 amri zao za usukani zilifuata kana, hivyo amri ya kulia ilipeleka meli kushoto.) Andika vyote viwili: "Alisukuma kana kulia, na omo ikaenda kushoto." Vilevile, kila unapotaja kulia au kushoto, sema kwa nani: kulia kwetu, kushoto kwa mashua.

Wakati wa nne: kugusana. Una hatua yake hapa chini.

Ukimaliza, fanya hesabu moja. Jahazi la mita 12, povu lililopita omo likifika tezi baada ya sekunde 6, linakwenda mita 2 kwa sekunde, karibu noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Kama mashua iliyokuja mbele yako ilikuwa inakwenda noti 3, mnakaribiana kwa noti 7, yaani zaidi ya mita tatu na nusu kila sekunde. Mkondo hauingii hapa kwa sababu unawabeba wote wawili. Mita 100 kwa mwendo huo huisha kwa sekunde 28 hivi. Sasa soma ulichoandika: kama uliiona kwa mita 100, kisha ukamwita nahodha, akaja, mkashauriana, mkatua tanga, mkapiga kelele mara tatu, basi ama umbali ulikuwa mkubwa zaidi ama baadhi ya hayo hayakutokea. Usibadilishe namba ili ilingane. Rudi kwenye kumbukumbu, na kama bado hailingani, andika kwamba umbali ni wa kukisia.

## Hatua ya 6: Kugusana na alama zilizobaki

Sehemu gani ya chombo chako iligusa sehemu gani ya kile kingine, na kwa pembe gani: ubavu kwa ubavu, wima kama msumari kwa ubao, au katikati ya hayo? Halafu vyombo vilikwendaje baada ya kugusana, viling'ang'aniana, kimoja kilizungushwa, foromali (mti unaobeba tanga) ilinasa kamba?

Piga picha kabla fundi hajagusa. Weka kitu chenye ukubwa unaojulikana karibu na tundu. Rangi ya chombo kingine iliyobaki kwenye ubao wako usiikwangue. Mbao zilizovunjika huinama kufuata upande lilikokwenda pigo, na hazisahau wala hazina rafiki, kwa hiyo picha moja nzuri huweza kumaliza ubishi wa watu sita.

Huu hapa mfano wa kutunga, wenye urefu unaofaa:

> Nilikuwa nimesimama kushoto kwa mlingoti wa jahazi, nimeelekea mbele. Tulikuwa tunapanda mto kuelekea magharibi, kama mita 30 kutoka ukingo wa kaskazini. Ilikuwa karibu saa 1:30 usiku (19:30); niliangalia simu dakika chache kabla. Yalikuwa maji mafu. Maji yalikuwa yanajaa yakielekea magharibi. Niliona majani yakielea kwenda huko. Upepo ulikuwa wa kusi, wa wastani, ukitoka kusini. Tanga letu lilikuwa kulia. Hatuna injini. Nusu mwezi ulikuwa juu, ukingo ulionekana.
>
> Nilipoinama kutazama chini ya tanga niliona mwanga mweupe mmoja, mbele yetu, kidogo kulia kwa omo, kama urefu wa majahazi kumi. Sikuona taa nyingine. Niliendelea kuinama. Mwanga haukuhama ukilinganisha na omo, uliongezeka ukubwa. Nilimwambia nahodha, "Chombo mbele, kulia!" Hakikuwa mbali tena, labda majahazi matano. Nahodha alisukuma kana kulia, omo yetu ikaenda kushoto. Wakati huohuo niliona tanga la mashua likigeuka, na mashua ikaja kushoto kwetu, mbele ya omo. Sikusikia mlio wa injini. Nilisikia mtu kwenye mashua akisema "Wapi nyie!" Omo yetu iligonga ubavu wa kushoto wa mashua, nyuma ya mlingoti wake, karibu kwa pembe mraba. Sijui kwa nini mashua iligeuka.

Ona kwamba shahidi huyu hakumlaumu mtu, ilhali mambo mawili mazito yamo ndani: jahazi lake lilikuwa na upepo kushoto, na mashua ilikuwa ikishuka upande ambao si wake. La kwanza linamuumiza, la pili linamfaa. Ameacha yote. Maelezo ambayo kila neno lake linampendelea aliyeyatoa hunuka kutoka mbali.

## Hatua ya 7: Mchoro

Sasa toa maganda ya karanga. Chora kingo mbili za mto kwenye karatasi, weka mshale wa kaskazini, mshale wa upepo na mshale wa maji. Sukuma maganda mawili polepole kufuata maelezo yako, wakati baada ya wakati. Mara nyingi utagundua kwamba kwa jinsi ulivyoandika, vyombo visingeweza kugusana kabisa, au vingegusana upande mwingine. Hapo umechanganya kulia na kushoto mahali fulani. Tafuta ni wapi.

Ikikaa sawa, chora vyombo katika nafasi nne, ukiziandika 1, 2, 3 na 4. Kila umbo liwe na ncha upande wa omo na mstari kuonyesha tanga. Andika chini: "Mchoro haufuati kipimo." Tia sahihi na tarehe.

Onyo: usichore nafasi usiyoiona. Kama mashua uliiona mara ya kwanza ikiwa nafasi ya 2, karatasi yako haina mashua kwenye nafasi ya 1.

## Hatua ya 8: Palilia

Soma rasimu na kalamu mkononi, utafute aina tatu za magugu.

Kwanza, hukumu: "kwa uzembe", "kwa makusudi", "walikuwa wamelewa", "kasi ya hatari". Badala yake weka ulichoona kilichokufanya uwaze hivyo. Kama ulinusa pombe, andika umenusa pombe, kwa nani na ukiwa karibu kiasi gani.

Pili, ya kusikia. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, na ya Kenya pia, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia. "Serahangi aliniambia taa yao ilizimika" aiseme serahangi (mkuu wa mabaharia) mwenyewe.

Tatu, "sisi". Tuliona, tulijua, tulipiga kelele. Kila "tu-" igeuze "ni-", au utaje mtu. Wengine wakifanya hivi hukuta nusu ya maelezo yao imetoweka, nayo ni habari njema: kilichobaki ni chao.

## Hatua ya 9: Sahihi

Omba mtu akusomee maelezo kwa sauti, polepole, ukiwa umefumba macho. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limelizoea. Kama maelezo yaliandikwa na karani au askari, hii si hiari: usitie sahihi usichosomewa chote, na kama hujui kusoma, ieleze hali hiyo ili iandikwe kwenye karatasi yenyewe.

Makosa yakate kwa mstari mmoja unaosomeka na utie sahihi fupi pembeni. Weka namba kwenye kila ukurasa. Hati ya kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, si nyumbani halafu ikapelekwa. Baki na nakala.

Ukikumbuka jambo baadaye, usiandike upya. Andika nyongeza yenye tarehe yake: "Leo nimekumbuka kwamba..." Na usikae mno: mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 kuhusu migongano ya meli uliweka miaka miwili ya kufungua madai, na bima nyingi hutaka taarifa mapema zaidi ya hapo.

## Hatua ya 10: Siku ya kuulizwa

Kuna majibu matatu ambayo watu huyafanya moja. "Sikuona" maana yake nilikuwepo nikatazama au sikutazama, lakini macho hayakupata. "Sikumbuki" maana yake huenda niliona. "Sijui" maana yake sikuwa na njia ya kujua. Chagua lililo kweli kila mara, hata ukirudia mara ishirini.

Ukiulizwa "ilikuwa mita ngapi?", na wewe uliandika kwa urefu wa jahazi, jibu kwa urefu wa jahazi. Wao wana kipimo cha jahazi, wazidishe.

Na ukiletewa mchoro uliochorwa na upande wa pili, usijibu kitu mpaka umeuliza kaskazini iko wapi, mshale wa upepo unaonyesha unakotoka au unakokwenda, na omo ya kila chombo ni ncha ipi. Uliza hata kama mahakama nzima inakusubiri.